Chembe iko wapi sasa hivi? Kuhusu rangi, kasi na vivuli kwenye karatasi ya kielektroniki

Chukua simu, weka kamera kwenye mwendo wa polepole, kisha irekodi skrini ya karatasi ya kielektroniki yenye rangi, yaani ile ya visomaji vya vitabu inayoakisi mwanga kama karatasi, wakati inabadilisha ukurasa. Kwa macho ya kawaida utaona mmweko mmoja wa kukera, basi. Kwenye video iliyopunguzwa kasi kuna safari ndefu: picha ya zamani inageuka kinyume chake, uso wote unaingia giza, unarudi mweupe, halafu picha mpya inachomoza taratibu. Kama paneli ni ya aina inayotumia wino wa rangi nyingi, utaona hata rangi ambazo hazimo kabisa kwenye picha hiyo zikipita na kutoweka.

Video za namna hii nazitazama mara kwa mara, maana ninaandika programu za kutayarisha picha kwa ajili ya paneli hizi, na ninapopumzika nasoma vitabu vya michoro kwenye kisomaji cha rangi. Malalamiko ya watu ni yaleyale mawili: rangi zimefifia, na skrini ni nzito. Huzungumzwa kama matatizo mawili, moja la wakemia na jingine la waandishi wa programu. Mimi nimefika mahali pa kuamini kwamba kwa sehemu kubwa ni tatizo moja. Kidhibiti kinachoiendesha skrini hakijui chembe za wino ziko wapi. Karibu kila hatua ya maana niliyoiona katika teknolojia hii ni njia mpya ya kujua hilo vizuri zaidi, au ya kuvumilia kutolijua.

Tuanze na nyeusi na nyeupe, kwa sababu rangi imejengwa juu yake. Wino uliobuniwa MIT Media Lab na kuzaa kampuni ya E Ink mwaka 1997 ni vijifuko vidogo mno vyenye kimiminika angavu, na ndani ya kila kifuko kuna chembe za aina mbili: nyeupe za dioksidi ya titani na nyeusi za kaboni, zenye chaji zinazopingana. Juu kuna elektrodi moja angavu inayofunika skrini nzima, na chini kila pikseli ina elektrodi yake na transista yake. Weka volti 15 upande mmoja, nyeupe zinapanda na nyeusi zinashuka. Zigeuze volti, na chembe zinabadilishana nafasi. Kata umeme, zinabaki palepale zilipo. Sony Librie ya mwaka 2004 na Kindle ya kwanza ya mwaka 2007 zilitumia wino wa aina hii, na msomaji aliyezishika siku hizo angeitambua mara moja skrini ya leo.

Muda wa chembe kuvuka kutoka chini hadi juu hutegemea unene wa tabaka, nguvu ya volti, na wepesi wa chembe kupenya kwenye kimiminika. Unene una uzito kuliko vyote kwa sababu muda hukua kwa mraba wake: punguza unene nusu, volti zikibaki zilezile, na safari inachukua robo ya muda. Mtu husoma hesabu hiyo akajiuliza kwa nini tabaka halipunguzwi mpaka tatizo liishe. Jibu liko kwenye weupe. Nyeupe ya karatasi hii inatokana na mwanga kugonga chembe nyingi nyeupe zilizorundikana na kurudi kwa msomaji. Tabaka likiwa jembamba, mwanga unapenya hadi kwenye weusi ulioko chini, na nyeupe inakuwa kijivu. Punguza mnato wa kimiminika, chembe zinakimbia, lakini inakuwa vigumu zaidi zitulie umeme ukishakatwa. Ongeza volti, na transista za silikoni ya kawaida zinalemewa. Tangu mwanzo kabisa, basi, kasi na ubora wa picha vinakula sahani moja.

Kuna na ukomo mwingine ambao hauzungumzwi sana. Skrini hupelekewa umeme mstari kwa mstari, fremu baada ya fremu. Tuseme ina mistari 1,404 na fremu 85 kwa sekunde. Fremu moja ni milisekunde 11.8 hivi, na mstari mmoja unapata maikrosekunde 8 na ushei. Katika dirisha hilo dogo, kila pikseli ya mstari inaambiwa jambo moja kati ya matatu: volti chanya, volti hasi, au sifuri. Inapokea, inahifadhi kwenye kapasita yake ndogo, na kusubiri zamu yake irudi. Picha kamili yenye viwango 16 vya kijivu huchukua takriban milisekunde 450, yaani fremu 38 hivi. Kijivu chochote unachokiona ni matokeo ya mfululizo huo wa amri: sukuma, sukuma, acha, vuta, acha.

Swali la mahali pa chembe linaingia hapo. Kijivu maana yake chembe zimesimama katikati ya safari, na kidhibiti hakina jicho la kutazama zimesimama wapi. Kinachofanya ni kukumbuka kiliagiza nini mara ya mwisho, kuamini kwamba agizo lilitimia, na kutafuta kwenye jedwali lake namna ya kutoka kijivu hiki kwenda kijivu kile. Viwango 16 kwenda viwango 16 ni njia 256, na jedwali zima linarudiwa kwa kila kiwango cha joto, kwa sababu baridi huongeza mnato na chembe huzembea. Lakini chembe zina historia. Pikseli iliyokaa nyeusi kwa saa nzima haijibu sawasawa na ile iliyokuwa nyeusi kwa sekunde mbili. Chaji kidogo hubaki imenasa kwenye tabaka za paneli. Umeme wa pikseli moja huvuja kidogo kwenda kwa jirani. Makadirio yanaanza kupishana na ukweli, na tofauti hiyo tunaiona kwa macho: kivuli cha ukurasa uliopita kinaning'inia nyuma ya maneno mapya.

Dawa ya kale ni ule mmweko. Chembe zote zinasukumwa hadi ukuta wa chini, kisha hadi ukuta wa juu, kwa sababu ukutani mahali pake panajulikana kwa hakika. Ukitoka hapo, hesabu inaanza upya ikiwa safi. Kila mmweko unaoukera ni skrini inayolipa muda ili ipate uhakika. E Ink ilipoleta mbinu ya Regal mwaka 2013, visomaji vikaweza kufungua kurasa nyingi za maandishi bila mmweko kamili, maana mapigo ya umeme yalipangwa kusafisha mabaki yanayojikusanya hata kwenye sehemu ambazo hazikubadilika, hasa weupe unaozunguka herufi. Wino haukuguswa. Kilichoboreshwa ni hesabu ya mahali chembe zilipo, na msomaji akapata kurasa za haraka na safi kwa wakati mmoja.

Mapigo haya yana sharti moja gumu: kwa muda mrefu, jumla ya volti chanya na muda wake lazima ilingane na jumla ya volti hasi. Ukiisukuma pikseli upande mmoja kuliko mwingine siku baada ya siku, unaiharibu kikemia, na kabla haijaharibika inaanza kuonyesha vivuli visivyofutika. Anayetaka kucheza na kasi ya skrini hizi bila kuliheshimu sharti hilo anakopa kutoka kwenye uhai wa paneli.

Sasa rangi. Kuna njia mbili kuu, na zinatofautiana sana kuliko matangazo yanavyoonyesha.

Njia ya kwanza inaacha wino wa nyeusi na nyeupe ulivyo na kuweka vichujio vidogo vya nyekundu, kijani na bluu juu ya pikseli. Triton, paneli ya E Ink ya mwaka 2010, ilikuwa hivyo, na ilikuwa na giza. Mrithi wake Kaleido, iliyofika mikononi mwa wasomaji mwaka 2020, ilichapa vichujio karibu zaidi na wino, na Kaleido 3 iliyotangazwa mwaka 2022 ndiyo iliyoenea kwenye visomaji vya rangi. Ina pikseli 300 kwa inchi kwa maandishi meusi na 150 kwa inchi kwa rangi, na rangi 4,096. Namba hiyo ni 16 mara 16 mara 16: viwango vilevile vya kijivu, mara tatu.

Kasi ya njia hii ni kasi ya wino mweusi na mweupe, ndiyo maana skrini za kompyuta za karatasi ya kielektroniki zinazotaka rangi huichagua. Gharama yake iko kwenye mwanga, na inafaa kuifanya hesabu yake mwenyewe mara moja. Kichujio kamili cha nyekundu hupitisha theluthi ya mwanga mweupe. Ukitaka nyeupe, pikseli zote tatu zinaakisi, kila moja theluthi yake, kwa hiyo nyeupe yako bora kabisa ni theluthi ya ile ya paneli isiyo na vichujio. Ukitaka nyekundu, theluthi moja tu ya eneo inafanya kazi, nayo inarudisha theluthi ya mwanga: sehemu moja ya tisa. Karatasi iliyopakwa wino mwekundu ingerudisha theluthi nzima. Na hapo tumeanza na wino ambao, hata bila kichujio, hurudisha chini ya nusu ya mwanga unaoupokea. Watengenezaji wakaamua la busara: vichujio vyepesi, ambavyo wakati mwingine havifuniki pikseli nzima, ili nyeupe isife. Matokeo ni rangi za pastel ambazo kila mtu anazilalamikia. Mimi huwa nawatetea wahandisi hapa. Nyeupe iliyokufa inaharibu kila ukurasa, hata ule usio na rangi; rangi iliyopauka inaharibu picha tu.

Kuna hasara nyingine inayoonekana kwa lenzi ya kukuza. Mwanga hauingii na kutoka kwenye shimo lilelile. Unaingia kupitia kichujio chekundu, unadundadunda kati ya chembe nyeupe, na sehemu yake inatokea kwenye kichujio cha kijani cha jirani, ambacho kinaumeza. Rangi inapungua ukolezi na giza linaongezeka, hata kama kila chembe ipo mahali pake. Kadiri vichujio vinavyokuwa vidogo na vinavyokaa mbali na wino, ndivyo hasara inavyokua. Ndiyo sababu kuchapa vichujio karibu na wino kulisaidia kuliko kuboresha rangi za vichujio vyenyewe.

Ukiwa bado na lenzi, tazama ukingo wa herufi nyembamba. Mstari mweusi wenye upana wa pikseli moja ukianguka juu ya vichujio vyekundu, kinachobaki pembeni yake ni kijani na bluu, na jicho linaona alama ya sayani, yaani bluu ya kijani, pale ambapo mwandishi alitaka nyeusi. Programu nzuri hutambua maandishi na kulainisha kingo kabla ya kugawa picha kwa vichujio. Programu mbaya huacha upinde wa mvua hafifu kwenye kila herufi. Tofauti hiyo haihitaji kifaa kipya. Nimeona paneli zinazofanana kabisa zikionekana kama za vizazi viwili tofauti kwa sababu hiyo tu.

Njia ya pili ndiyo inayonivutia zaidi, na ndiyo iliyo ngumu. Badala ya vichujio, unaweka chembe za rangi ndani ya wino wenyewe. Hatua ya mwanzo ilikuwa vibandiko vya bei vya kielektroniki vya madukani, vyenye nyeusi, nyeupe na nyekundu. Nyeupe zina chaji hasi, nyeusi na nyekundu zote chanya, lakini nyekundu zina chaji ndogo zaidi. Volti kubwa inawahisha nyeusi juu. Volti ndogo, kwa muda mrefu, inapandisha nyekundu huku nyeusi zikibaki nyuma. Wazo la kutenganisha chembe zenye chaji ya aina moja kwa kutumia ukubwa wa volti ni zuri sana, na pia ndilo linaloeleza kwa nini vibandiko hivyo vinamwekamweka muda mrefu kabla ya kutulia.

Mwaka 2016 E Ink ilionyesha wino wenye chembe nne: nyeupe, sayani, majenta (nyekundu ya zambarau) na njano, zote pamoja katika kila pikseli. Ukizipanga nyeupe juu ya nyingine, unapata nyeupe. Ukizileta sayani na majenta juu ya nyeupe, unapata bluu. Majenta na njano hutoa nyekundu, sayani na njano hutoa kijani, na zote tatu zikiwa juu hutoa nyeusi. Hakuna kichujio, hakuna theluthi ya theluthi, na kila pikseli inaweza kuwa rangi nzima. Kwa upande wa mwanga hili ndilo suluhisho. Kwa upande wa mahali pa chembe ni ugumu wa daraja jingine. Unazo aina nne za chembe, elektrodi mbili tu, na amri pekee unayoweza kutoa ni volti kwa muda. Ni kama kuchunga ng'ombe, kondoo, mbuzi na punda kwa filimbi moja, ukitegemea kwamba kila mnyama ataitikia sauti tofauti.

Wahandisi walizipa chembe chaji tofauti, ukubwa tofauti na ganda tofauti la polima, ili kila aina iachane na mwenzake kwa volti yake. Kisha wakaandika mfululizo mrefu wa mapigo yenye viwango kadhaa vya volti: panga hizi, rudisha zile, tenganisha zilizoshikana, panga tena. Rangi za ajabu unazoziona kwenye video ya polepole ni hatua za katikati za upangaji huo. Kizazi cha kwanza kilihitaji sekunde 10 kubadilisha picha ya rangi. Gallery 3, kizazi cha baadaye cha wino huu, ilipotangazwa, namba zilikuwa milisekunde 350 kwa nyeusi na nyeupe, 500 kwa rangi za haraka, kati ya 750 na 1,000 kwa rangi za kawaida, na 1,500 kwa rangi bora. Zitazame tena namba hizo, maana zinasema wazi bei ya kila kitu. Wino ni uleule na paneli ni ileile. Ukitaka rangi bora unalipa mara tatu ya muda wa rangi za haraka. Muda wa ziada unanunua uhakika wa mpangilio wa chembe.

Mabadiliko ya transista yana mchango wake hapa. Transista za oksidi hupitisha elektroni kwa wepesi kuliko za silikoni ya kawaida na huvuja kidogo. Pikseli inajaa haraka ndani ya zile maikrosekunde chache na kubaki na volti yake mpaka fremu inayofuata, kwa hiyo mapigo yanaweza kuwa mafupi na sahihi zaidi. Hata upande wa vichujio umefaidika: Amazon iliitumia paneli ya oksidi kwenye Kindle Colorsoft mwaka 2024. Na reMarkable Paper Pro, daftari la kielektroniki la mwaka huohuo lililojengwa juu ya Gallery 3, ilionyesha jambo ninaloliona kuwa la maana kuliko namba yoyote: unapoandika kwa kalamu ya rangi, mstari unajitokeza papo hapo, halafu baada ya kitambo kidogo sehemu hiyo pekee inatulizwa hadi kwenye rangi yake kamili. Skrini inatoa jibu la haraka lisilo na uhakika, kisha inarudi kulisahihisha. Sioni sababu kila kifaa cha rangi kisifanye hivyo kwa kila kitu, hata kufungua menyu na kusogeza ukurasa.

Upande wa kasi ya nyeusi na nyeupe, kazi inayonifurahisha zaidi inatoka kwa watu wa chanzo huria, wanaoacha kazi yao wazi kwa wote. Vidhibiti vingi hushughulikia eneo zima kama kazi moja: eneo likianza kubadilika, linasubiriwa limalize. Ukisogeza kipanya wakati huohuo, mshale unasubiri foleni. Kidhibiti cha Caster, kinachotumika kwenye skrini ya kompyuta ya Glider ya mradi wa Modos, kinafanya tofauti. Kila pikseli ina kumbukumbu yake: sasa iko hatua gani ya safari, na inaelekea wapi. Pikseli iliyokuwa njiani kwenda nyeusi ikiambiwa irudi nyeupe, haihitaji kumaliza safari kwanza. Kidhibiti kinajua imesukumwa fremu ngapi na kinaigeuza papo hapo. Paneli za kawaida zikapata wepesi ambao watu walidhani unahitaji wino mpya, na mradi wenyewe unazungumzia fremu 75 kwa sekunde. Chembe hazikwenda haraka zaidi. Kilichopungua ni muda wa kusubiri, kwa sababu kuna mahali panapoandikwa kila chembe imefika wapi.

Mbinu hiyo hufanya kazi vizuri pale pikseli inapokwenda kati ya nyeusi na nyeupe tu, na kwa hiyo inaingia kwenye paneli za vichujio bila shida: unapata rangi nane za msingi kwa kasi, na nyingine unazitengeneza kwa kuchanganya nukta za hizo nane. Kwenye wino wa chembe nne ni habari nyingine. Kumbukumbu ya pikseli ingelazimika kufuatilia aina nne, zinazogongana na kushikana zikiwa njiani. Kuigeuza safari katikati hakurudishi mpangilio wa mwanzo. Nadhani kazi kubwa ya miaka ijayo iko hapo hasa, kutengeneza mfano wa hisabati wa pikseli yenye chembe nne ulio mwepesi kiasi cha kukokotolewa kwa kila pikseli katika kila fremu.

Kuna sehemu iliyo mikononi mwetu sisi tunaoandika programu, na inadharauliwa. Paneli za rangi sita za aina ya Spectra 6 zina nyeusi, nyeupe, nyekundu, njano, bluu na kijani, na huchukua zaidi ya sekunde 10 kubadilika. Kwa fremu za picha ukutani hilo halina neno. Rangi zote nyingine hutengenezwa kwa kutawanya nukta, kwa kawaida kwa mbinu ya Floyd na Steinberg ya mwaka 1976: chagua rangi iliyo karibu zaidi, pima kosa, ligawe kwa majirani. Programu nyingi huandika nyekundu ya paneli kuwa 255, 0, 0 na nyeupe kuwa 255, 255, 255, yaani viwango vya nyekundu, kijani na bluu kutoka 0 hadi 255. Paneli haina rangi hizo. Nyekundu yake ni nzito, karibu na udongo wa matofali, bluu yake ina giza, na nyeupe yake ni kijivu chepesi. Programu inapoamini imetoa nyekundu kali, kosa halisi halihesabiwi, na uso wa mtu unatoka na madoa ya kijani mashavuni au ngozi yenye homa ya manjano.

Pima. Onyesha kila rangi ikiwa imejaza skrini, ipime kwa kifaa cha kupimia rangi, au angalau ipige picha chini ya mwanga uleule pamoja na karatasi nyeupe unayoijua, na uzipe programu thamani hizo. Hatua hiyo moja imebadilisha picha zangu kuliko kitu kingine chochote. Ya pili inaambatana nayo: ibane picha iingie ndani ya uwezo wa paneli kabla ya kutawanya nukta. Anga jeupe lenye mwangaza unaozidi nyeupe ya paneli huzalisha kosa lisilolipika. Linasukumwa kwa jirani, naye kwa jirani yake, mpaka linafika kwenye ukingo wa paa la nyumba na kumwagika kwenye kivuli likiwa mistari ya ajabu. Watu hulaumu paneli. Paneli haina hatia hapo.

Jambo la tatu ni la hila kidogo. Hesabu ya kugawa kosa inapaswa kufanywa kwa mwanga halisi, si kwa namba zilizoko kwenye faili. Nusu nyeusi na nusu nyeupe, jicho likizichanganya kwa mbali, zinalingana na namba 188 kwenye faili la kawaida, wala si 128. Lakini kwenye karatasi ya kielektroniki hata 188 ni kubwa mno, kwa sababu ya uleule udundaji wa mwanga: unaoingia kwenye nukta nyeupe unamezwa na nyeusi iliyo jirani. Wachapaji wa magazeti wanalijua tatizo hili tangu zamani. Kwa hiyo pima pia michanganyiko, angalau robo, nusu na robo tatu, na usahihishe kwa mkunjo unaotokana na vipimo vyako.

Kwa upande wa vichujio, matayarisho ni tofauti. Picha nyingi huvumilia kuongezwa ukolezi wa rangi, lakini ongeza na mwangaza wa sehemu za kati, la sivyo rangi kali inazama gizani. Mandhari meusi yenye rangi juu yake hayapendezi kwenye Kaleido hata ufanyeje bila taa ya mbele. Ninapochagua michoro ya kusomea huko, natafuta ile yenye maeneo mapana ya rangi na mistari mizito. Michoro ya kitaalamu, ramani na chati zinapendeza kuliko picha za kamera, na sioni ubaya kuzitumia skrini hizi kwa kile zinachokiweza.

Wapo waliojaribu kukimbia chembe kabisa. Liquavista, iliyotoka Philips mwaka 2006 na baadaye kupita mikononi mwa Samsung na Amazon, ilisogeza mafuta ya rangi yaliyo chini ya maji kwa umeme, kwa kasi ya video. Ilihitaji umeme muda wote ili kushikilia picha, na haikuwafikia wasomaji. Mirasol ya Qualcomm ilitumia vioo vidogo vinavyoingiliana na mawimbi ya mwanga. Ilikuwa na kasi, lakini rangi zake zilififia pia. Mwaka 2025 watafiti wa Uppsala, Chalmers na Gothenburg nchini Uswidi walichapisha kwenye jarida la Nature pikseli za oksidi ya tungsteni zenye upana wa nanomita 560 hivi, zaidi ya pikseli 25,000 kwa inchi, zinazobadilika kwa kasi ya video. Hapo hakuna kinachosafiri umbali mrefu. Chembe zimekaa, na umeme unabadilisha jinsi zinavyouakisi mwanga. Kazi nzuri mno. Kinachosubiriwa ni paneli ya transista inayoweza kuziendesha pikseli ndogo kiasi hicho moja moja.

Wakati hilo linasubiriwa, kuna jambo dogo ambalo watengenezaji wa paneli wanaweza kulifanya sasa. Majedwali ya mapigo yanafichwa, na rangi halisi za paneli mara nyingi hazichapishwi, hivyo kila mtu anayetengeneza fremu ya picha au kisomaji anaanza kupima upya, wengi bila vifaa vya kupimia. Ninaelewa kwa nini majedwali ni siri ya biashara. Ndani yake kuna miaka ya kazi, na yakitumiwa ovyo paneli inaharibika. Rangi zilizopimwa hazina hatari hiyo. Faili moja lenye thamani za rangi sita, na michanganyiko yao miwili miwili, katika nyuzi 15, 25 na 35 za joto, lingetosha kuanzia. Zangu, za paneli nilizo nazo, naendelea kuzipima, na nitaziweka wazi kwa yeyote anayezihitaji.